Neno la Kuombea Radhi

Rabi Zerahya ben Mevasser alikuwa na ugonjwa mmoja ambao waganga wote wa mji wa Lusena hawakuwa na dawa yake: hakuweza kusikia kosa akanyamaza. Kiongozi wa sala akiteleza kwenye irabu moja tu, irabu fupi isiyomdhuru mtu, Rabi Zerahya anagonga benchi kwa kidole, ko, na sala nzima inasimama mpaka neno lirudiwe. Siku ya harusi ya binti yake mwenyewe alimkatiza bwana harusi katikati ya maneno ya ndoa kwa ajili ya herufi moja, na yule kijana wa watu akaanza upya huku jasho linamtiririka. Mkewe, Bi Ghaliya, alisema baadaye kwamba angekuwa na mwiko mkononi siku ile angemchapa nao mbele ya wageni.

Haki yake apewe, lakini. Mtu alikuwa bingwa. Alikuwa anaandika kamusi ya lugha takatifu, Kiebrania, kitabu cha miaka ishirini na miwili, na ndani yake kila kitenzi kilirudishwa kwenye herufi zake tatu za asili. Ziko herufi zinazojificha ndani ya maneno, huzioni wala huzisikii, na watu kabla yake walikata tamaa wakasema hazipo. Yeye alizitambua kama mama anavyomtambua mwanawe nyuma ya pazia kwa kuona vidole vya miguu. Na kitabu kilikuwa na sheria moja tu: neno ambalo halimo katika Maandiko si neno. Lugha ya marabi waliokuja baadaye, wenye hukumu zao na mabishano yao, aliiheshimu mahakamani. Katika shairi hakutaka hata kuisikia harufu yake.

Sasa huyu Barhun ben Semah. Yeye na Zerahya walikuwa chanda na pete tangu ujana. Walisoma kwa mwalimu mmoja, wakala sahani moja, wakaoa mwaka mmoja. Zerahya alikuwa na elimu. Barhun alikuwa na kipaji, na hilo Zerahya alilijua na lilimkera kidogo, ingawa asingekubali hata angefungwa kamba. Barhun alichukua mizani ya mashairi ya Waarabu, silabi ndefu kwa fupi, akaivika Kiebrania ikakaa bila kubana popote. Tajiri mmoja wa Granada akamwita akawe mshairi wa nyumba yake na kiongozi wa sala. Huko akatunga shairi la toba, na katika ubeti wa mwisho akamwomba Mungu mehila.

Mehila ni msamaha. Kila Myahudi analijua neno hilo, wanawake wanaambiana sokoni wakigombania vitunguu. Ila ni neno la marabi. Ndani ya Maandiko kuna neno la sauti hiyo hiyo, limekuja pahali pamoja tu, na maana yake ni shimo la ardhini, la mtu kujifichia.

Zerahya angeweza kumwandikia rafiki yake barua. Aliandika kijitabu. Humo akasema: "Barhun ben Semah amemwomba Mola wake mehila. Katika Maandiko hilo ni shimo. Mola ampe alichoomba, na liwe refu, maana mshairi mwenyewe ni mrefu."

Utamu wa sentensi hiyo ndio uliomponza Barhun. Ingekuwa chungu tu, watu wangeisahau. Ilinakiliwa, ikafika Granada, ikasomwa mezani kwa tajiri, na wageni wakawa wanamwuliza Barhun kama ameshapata shimo lake au bado analichimba. Mtu huwezi kusimama mbele ya watu kuwaongoza katika sala huku wanajikuna pua wasicheke. Haukuisha mwaka akarudi Lusena mikono mitupu, akashika kazi ya marehemu baba mkwe wake ya kupika sabuni ya mafuta ya zeituni. Hakutunga tena hata mstari mmoja. Miaka kumi na minne ilipita, na wazee wawili hao wakipishana njiani kila mmoja alikuwa anatazama ukuta wake.

Yote yangekwisha hivyo, lau si muuza mboga. Ilikuwa siku ya tatu ya mwaka mpya, katika zile siku kumi za toba kabla ya Siku ya Upatanisho. Rabi Zerahya alikuwa amesimama anachagua maboga, miguu imemvimba kama kawaida yake, akamsikia mgeni anamwuliza yule muuzaji sabuni nzuri inapatikana wapi. Muuzaji akamjibu bila hata kuinua kichwa, "Nenda kwa Shimo. Pita kinu cha mafuta, nyumba ya pili."

Rabi Zerahya alimwuliza kwa nini anamwita mtu hivyo. Yule muuzaji, mwanamume wa miaka ishirini hivi, akamshangaa. Akasema ndilo jina lake, Shimo, Shimo mpika sabuni, yeye tangu ana akili hajui jingine. Hakuwa anacheka. Hakujua kama kuna cha kuchekesha.

Rabi Zerahya alirudi nyumbani bila boga. Yeye kazi yake ilikuwa maneno, alijua yanavyokaa. Neno likishasahauliwa lilikotoka ndipo linapokuwa la kudumu. Alimweleza mkewe, akamwambia nimeona haya, Ghaliya, nimeona haya.

Bi Ghaliya alikuwa anakata vitunguu na hakuacha kukata. Alisema alikuwa ameingoja haya hiyo miaka kumi na minne na alishaanza kudhani imepotea njia. Akamkumbusha asichohitaji kukumbushwa: Siku ya Upatanisho inafuta yaliyo baina ya mtu na Mungu wake, lakini yaliyo baina ya mtu na mwenzake haiyagusi mpaka mwenzake awe radhi. "Saumu kumi na nne umefunga, mume wangu," akasema, "na zote ulikuwa unashinda njaa tu."

Desturi ni hii. Aliyekosa huenda kwa aliyekosewa na mashahidi watatu, akaomba. Akikataliwa, huenda mara ya pili. Akikataliwa, ya tatu. Baada ya hapo yeye ameshatua mzigo, na mbishi abaki na ubishi wake. Rabi Zerahya akamchukua muuza tini wa jirani, akamchukua mwosha maiti, mtu wa kimya, na wa tatu akawa Meborakh, mwanafunzi wake wa zamani, msomi mwenye ndevu nzuri aliyekijua kile kijitabu kwa moyo. Wakatoka siku ya nne asubuhi.

Walimkuta Barhun uani anakoroga sufuria lake kubwa, macho mekundu kwa mvuke wa majivu. Kweli alikuwa mrefu, ila sasa mgongo ulikuwa umepinda. Rabi Zerahya akasimama mbele yake, akasema kwa Kiarabu, lugha yao ya kila siku, kwamba alimdhulumu, anajuta, na amekuja kuomba radhi. Aliyasema vizuri, wala sauti haikuwa ya kujitetea.

Barhun aliendelea kukoroga. "Ulinichana kwa Kiebrania," akasema, "unakuja kunishona kwa Kiarabu?"

Rabi Zerahya akaona ni haki. Akatafuta neno. Lililomjia kwanza ni lile linalojaa katika Maandiko kila msamaha unapotajwa, salah. Akasema, "Selah li, Barhun," yaani nisamehe.

Barhun akainua mwiko, akautazama unavyodondosha. Akauliza kwa adabu kubwa kama Rabi anakumbuka alichoandika mwenyewe katika kamusi yake, chini ya herufi hizo tatu. Rabi Zerahya alikumbuka. Mtu hasahau mtoto wake. Alikuwa ameandika kwamba kitenzi hiki katika Maandiko yote mtendaji wake ni Mungu peke yake, na kwamba kumwambia mwanadamu ni ujinga, au ni kufuru.

"Mimi napika sabuni," Barhun akasema. "Mungu hakai hapa. Jaribu nyumba nyingine."

Njiani kurudi muuza tini aliuliza kimetokea nini, kwa sababu yeye alikuwa amesikia mtu anaomba msamaha na mwingine anajibu mambo ya jikoni. Meborakh akamweleza. Muuza tini akasema kumbe kusoma sana nako ni msiba.

Siku tatu Rabi Zerahya alishinda na Maandiko magotini. Alikuwa anatafuta neno ambalo mtu anamwambia mtu, si mtu kumwambia Mola. Akalipata, na si kwa shida, maana lilikuwa mahali pa wazi: nasa. Ndugu zake Yusufu walilitumia walipomwangukia miguuni. Limo katika Maandiko, ni la binadamu kwa binadamu, sheria ya kamusi haikuvunjika hata kidogo. Alifurahi kama mtu aliyeokota pete yake. Bi Ghaliya alimtazama anavyofurahi, akamwuliza kama anakwenda kuomba radhi au kushinda mashindano.

Siku ya saba wakaenda tena wale wanne. Safari hii Barhun alikuwa anakata sabuni kwa uzi, vipande vinapangwa juu ya ubao. Rabi Zerahya akasema neno lake, "Sa na," yaani tafadhali samehe, na akalisema kwa sauti ya mtu aliyejiandaa vizuri.

Barhun alikata kipande kimoja, akakata cha pili. Kisha akauliza, taratibu, asili ya kitenzi hicho ni nini hasa. Kabla ya kuwa msamaha, ni nini.

"Ni kuinua," Rabi Zerahya akasema. "Kubeba."

"Kubeba." Barhun akaweka uzi chini. "Basi hilo nimekufanyia tayari. Nimebeba miaka kumi na minne, kila siku, hapa. Unakuja kuniomba nibebe tena?"

Mwosha maiti, ambaye tangu siku ya kwanza hakuwa amefungua kinywa, akasema polepole kwamba ni kweli. Walitoka shingo upande.

Meborakh alikuwa na faraja yake. Alimwambia mwalimu asijisumbue tena na maneno: bado mara moja. Waende siku yoyote iliyobaki, aseme lolote, hata lile lile la juzi, mzee akatae kama alivyozoea, na sheria itakuwa imetimia. Rabi ataingia kwenye mfungo mweupe kama pamba. Na sheria kweli ilikuwa hivyo. Hata jaji wa mji angesema hivyo hivyo.

Nyumbani Bi Ghaliya alimwuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa Lusena angeuliza. Kwa nini asiseme mehila? Yeye kila mwaka anamwambia jirani neno hilo, jirani anamrudishia hilo hilo, wanabusiana, wanaendelea na maisha. Linafika. Halijawahi kupotea njiani hata siku moja.

Rabi Zerahya akasema mkewe hajui anachoomba. Kamusi imekamilika, herufi zote ishirini na mbili, na neno hilo halimo. Kwa ajili ya neno hilo hilo alimcheka mtu mbele ya dunia. Akilitamka mbele ya Meborakh, habari itafika Granada kabla ya Sikukuu ya Vibanda, na kila aliyewahi kugongewa benchi atapata siku yake ya kucheka. Watasema Zerahya mwenyewe ameishiwa. Miaka ishirini na miwili, Ghaliya.

"Na yeye je?" mkewe akauliza. "Yeye alikuwa na mingapi?"

Akaenda kuangalia mkate wake, akamwacha na hilo.

Mkesha wa Siku ya Upatanisho mji mzima unaoga. Basi asubuhi hiyo uani kwa Barhun palikuwa pamejaa watu wa kununua sabuni, foleni imetoka mpaka barabarani, wanawake na vikapu, wazee, wapagazi wa kinu cha mafuta. Rabi Zerahya alifika na mashahidi wake wakakuta hawana pa kusimama ila mwisho wa foleni. Meborakh alitaka kuwapita watu, Rabi akamshika mkono. Wakangoja zamu yao.

Alikuwa ameshakata shauri, na niseme wazi lilikuwa shauri la woga. Atasema nasa, mara ya tatu, atakataliwa, ataondoka akiwa huru. Alikuwa analirudia kimoyomoyo huku foleni inasogea. Mbele yake kulikuwa na mama mmoja mnene, mwenye haraka, na zamu yake ilipofika akainua kikapu juu akasema, "Shimo, baba, nipe ile laini, vipande viwili."

"Naam, mama," Barhun akasema, akageuka kuchagua.

Aliitika, ndivyo ilivyokuwa. Hakukunja uso wala hakuuma mdomo. Aliitika kama mtu anavyoitikia jina alilopewa na mama yake. Rabi Zerahya akaisikia sauti hiyo, na maneno yote mawili aliyokuja nayo mara zile mbili yakawa kama makapi kinywani. Alikuwa na machozi, hadharani, mzee mzima. Yule mama akaondoka na vipande vyake, na hapo katikati ya wawili hao pakabaki ule ubao wa sabuni tu.

"Mehol li, Barhun," akasema, nipe mehila.

Watu wa foleni hawakuona ajabu yoyote. Siku ile kila mmoja alikuwa ameshalisema neno hilo kwa mtu au alikuwa njiani kwenda kulisema. Meborakh peke yake ndiye aliyebaki mdomo wazi, pamoja na ndevu zake nzuri.

Barhun alikuwa bado ameinamia sabuni. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, halafu akauliza, "Hilo neno limo kwenye kitabu chako?"

"Halimo."

"Basi umeomba nini?"

"Kile kile ulichoomba wewe," Rabi Zerahya akasema. "Katika ule ubeti. Nilijua siku ile ile ulikuwa unaomba nini. Nilijua, Barhun, na niliandika hivyo hivyo."

Hilo ndilo alilokuwa hajalisema mara zile mbili, wala hakulikaribia. Barhun alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mpagazi wa nyuma akalalamika kwamba maji ya kuoga yanapoa, mwosha maiti akamtazama, naye akarudi nyuma.

Kisha Barhun akanyanyua uso, macho mekundu yale, na ndani yake kulikuwa na kitu cha zamani ambacho Rabi Zerahya alikuwa hajakiona tangu walipokuwa vijana wa kufichiana viatu. Akasema polepole, neno kwa neno, "Mahul lakh, Zerahya." Umesamehewa, Zerahya. Akaishia hapo, akawa anangoja.

Lakh. Kwako. Katika Maandiko neno hilo huambiwa mwanamke. Mwanamume huambiwa lekha. Mwisho wa sentensi lina ruhusa kwa mwanamume pia, lakini hapa halikuwa mwisho, jina lilifuata. Ni mazungumzo ya marabi, ni lugha ya sokoni, na ni kosa, kosa peupe. Na Barhun alilijua vizuri kuliko mtu yeyote katika Lusena, kasoro mmoja. Kidole cha Rabi Zerahya kiliinuka chenyewe juu ya ubao wa sabuni. Meborakh alikiona. Barhun alikiona.

Rabi Zerahya akakishika kidole kwa mkono wa pili, akakishusha.

"Mahul lakh, Zerahya," Barhun akasema mara ya pili, kwa sauti zaidi. Akavuta pumzi. "Mahul lakh, Zerahya." Desturi ni tatu, na zote tatu aliziweka lakh mahali pake pabaya, wazi, bila kuimeza.

"Amina," Rabi Zerahya akasema.

"Leo hukunisahihisha."

"Sikusikia kosa."

Barhun akacheka, mara ya kwanza, na katikati ya kicheko akajifunika uso kwa kile kitambaa cha majivu akakaa nacho muda. Rabi Zerahya akazunguka ubao, akakunja mikono ya joho, akawaambia watu waseme wanataka vipande vingapi. Aliwahudumia mpaka foleni ikaisha, vibaya sana, anawapa ngumu waliotaka laini.

Kesho yake, sinagogi limejaa, wote wamevaa nyeupe, ilifika sala ya maungamo, ile ambayo mtu hupiga kifua kwa kila dhambi inapotajwa. Rabi Zerahya alipiga kwa ajili ya kiburi, akapiga kwa ajili ya dhihaka, na hapo alipiga sana. Alipofika kwenye uongo akasita. Aliusema jana, mbele ya mashahidi watatu, na kwa habari ya sarufi. Akatazama upande wa pili wa sinagogi, akamwona Barhun naye amesimama mkono juu ya kifua, anamtazama yeye, anangoja waupige pamoja.